Kwa Uliyesimama Getini

Nilikuona Jumapili, kofia ya pikipiki kwapani,
unasoma kibao cha saa za ibada
kama msoma mita aliyekosea nyumba.
Kengele ilipolia ukawasha chombo, ukateremka Kirumba.

Sasa sikiliza. Mimi ndiye yule wa kitenge cha bluu,
mgawa vitabu mlangoni, Kabula, mama Bulemo.
Ukirudi sitakuuliza dhehebu.
Nitasema "Mwangaluka," uitike unavyojua,
nikupe Kitabu cha Sala kilichojaladiwa gazeti.
Ukurasa wa nne umeng'oka. Usihangaike,
huo tunausema kwa kichwa.

Kaa nyuma, dirisha la upande wa mawe.
Hata mijusi kafiri huingia humo kuota jua
na hakuna aliyewahi kuwadai cheti cha ubatizo.

Tutasimama, tutaketi, tutapiga magoti, tutasimama tena.
Ukijikuta wima peke yako wenzako wamezama,
mtazame mzee Masalu: miaka arobaini humu ndani
na goti lake la kushoto mpaka leo huchelewa.
Kasisi atasema "Bwana awe nanyi,"
nasi tutajibu kwa mkupuo mmoja, kama wavuta kokoro
(Mungu na maofisa uvuvi watusamehe).
Mahubiri ni marefu, sikudanganyi.
Feni moja inafanya kazi, ya pili inatikisa kichwa tu.

Kisha ibada itakatika katikati, kama umeme,
watu wageukiane, washikane mikono: Amani. Amani.
Hapo ndipo waliponinasa.

Mimi sikuja kusali. Nilikuja kudai.
Nshoma wa kwaya alinikopa ndoo tatu za dagaa
akanizungusha toka masika hadi kiangazi.
Nikasema, kanisani hana pa kukimbilia.
Nikakaa kiti cha mwisho, daftari la madeni kwenye pochi,
kila haleluya yake naipigia hesabu kwa shilingi.
Mara akageuka. Akaniona.
Akaja njia yote ya katikati,
mikono miwili mbele, inatetemeka,
inanuka dagaa, wa nani sijui,
"Amani ya Bwana, mama Bulemo."

Ningesema nini? Mkono ulishatoka wenyewe.

Alilipa ndoo mbili. Ya tatu naidai mpaka leo,
na kila Jumapili tunapeana amani juu yake.

Wakienda mezani kwenye mkate na kikombe,
kama hujabatizwa, panga foleni vilevile, kunja mikono kifuani;
kasisi atakuwekea kiganja kichwani.
Kizito, kina sugu: amekulia Ukerewe, kwenye kasia.
Au baki ulipo. Kubaki nako si kosa.

Halafu katibu atawasimamisha wageni.
Najua, hilo ndilo lililokurudisha getini.
Taja jina, keti. Ukoo wako, kazi yako, aliyekufa kwenu,
hivyo ni vyako mpaka utakapotaka mwenyewe.

Nje kuna mnada. Walioleta sadaka ya shambani
huipanga mezani: trei la mayai, boga, mhogo wa Sengerema,
na jogoo aliyefungwa miguu anayetutazama sote vibaya.
Usikune kichwa wakati huo.
Mwaka jana mgeni alipunga nzi
akaenda nyumbani na jogoo.

Basi. Sina mengine.
Pikipiki iegeshe kwenye kivuli cha jiwe kubwa,
usiiweke chini ya mnara:
kongoti wanalala pale juu,
na hao, baba, hawajui Pasaka wala Kwaresima,
wanachafua tu.